Tukiweka intaneti ya akiba, tuwanyime nenosiri wasiochanga?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tunaishi sita katika nyumba ya kupanga: kila mtu na chumba chake, sebule na jiko tunatumia pamoja. Intaneti yetu ni ya faiba. Mkataba uko kwa jina langu kwa kuwa ndiye niliyetangulia kuhamia, na mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayepita mlango kwa mlango kukusanya michango. Kazi hiyo haijanipa shida. Wote wanalipa, hata anayechelewa hachelewi sana.

Shida ni kwamba intaneti yenyewe haitabiriki. Kuna siku umeme unakatika na ruta inazima. Kuna siku umeme upo, lakini kwenye kile kisanduku cha faiba taa moja inawaka nyekundu, na hapo tunajua ni kusubiri saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Halafu kuna jioni ambazo taa zote ziko sawa, simu inaonyesha waifai imejaa, lakini ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Chumba changu ndicho cha mwisho kwenye korido, na mimi ndiye ninayelalamikia zaidi hizo jioni.

Lililotufikisha hapa ni utetezi wangu wa pendekezo la utafiti. Ulifanyika kwa video. Nilikuwa katikati ya kueleza nitakavyokusanya data, sura za walimu zikaganda, kisha zikatoweka. Nilipofanikiwa kurudi kwa kutumia simu, jopo lilikuwa limeshahamia kwa mwanafunzi mwingine. Nilipangiwa siku nyingine, na msimamizi wangu alinielewa, lakini usiku ule nililia. Wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja alishindwa kuwasilisha kazi yake kabla ya saa sita usiku, akakatwa alama.

Basi nikaitisha kikao sebuleni, nikapendekeza tutafute intaneti ya pili, ya akiba, ya kutuvusha faiba inapokufa. Watatu walikubali palepale, pamoja nami tukawa wanne. Wawili walikataa. Wa kwanza, anayekaa chumba cha mbele, alisema ana bando lake kwenye simu, hajawahi kukwama, na haoni kwa nini alipie shida za wengine. Wa pili ni rafiki yangu wa karibu tangu mwaka wa kwanza. Mwanzoni alisema, "Mimi kwa sasa sina." Mazungumzo yalipoendelea akasema, "Kwanza hata sihitaji." Shangazi, yeye anahitaji kuliko sisi sote. Simu yake ni ya zamani, kompyuta yake inasuasua, na ada yake ya mwaka huu imechelewa kulipwa. Haya nayajua kwa sababu aliniambia mimi.

Wale watatu sasa wana wazo. Wanasema tuiweke sisi wanne, tuwe na nenosiri letu, na asiyechanga asilipate. Wanauliza kuna ubaya gani, kila mtu si anapata alicholipia? Siwezi kusema wamekosea, maana hata mimi pesa yangu naitafuta. Lakini najiona niko mezani, kompyuta yangu imeunganishwa, na rafiki yangu ameketi upande wa pili anasubiri faiba irudi. Na mkataba huu nao utakuwa kwa jina langu, na nenosiri nitalishika mimi.

Nimefikiria pia kuachana na habari za nyumba nzima, ninunue kifaa changu kidogo, nikitumie chumbani na nisimwambie mtu. Mitihani inaanza mwezi ujao na miwili ni ya mtandaoni. Nisaidie kwa mawili: tutafute intaneti ya aina gani, na je, tuwanyime wasiochanga?

Mwenye Mkataba

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa lililokupata mbele ya jopo. Mtu anajiandaa kwa miezi, kisha kazi yake inakatizwa na waya ambao hata hajui umepitia wapi. Kulia usiku ule ilikuwa haki yako. Na kama ninavyoiona barua yako, hofu ya siku ile bado unayo, na ndiyo inayokusukuma kutaka jambo hili liishe kabla ya mitihani. Ni hofu yenye sababu. Ninachokuomba ni usiiache ikuchagulie kifaa, wala ikuchagulie marafiki.

Umeniuliza maswali mawili, la kifaa na la nenosiri. Nimeyasoma mara kadhaa nikaona yamefungamana kuliko ulivyodhani, kwa sababu aina ya intaneti mtakayoweka ndiyo itakayoamua kama kumnyima mtu kunawezekana au la. Kwa hiyo nianze na mitambo. Univumilie, nitarudi kwa rafiki yako.

Umeandika kwamba intaneti yenu inakatika, lakini ulichonieleza ni maradhi matatu tofauti. Umeme ukikatika, ruta na kile kisanduku cha faiba vinazima, ingawa mara nyingi faiba yenyewe haina tatizo lolote. Tiba ya hapo inaweza kuwa betri ndogo ya kulisha vifaa hivyo viwili. Ruta nyingi za nyumbani hutumia umeme wa volti 12, na zipo betri zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, zinazoweza kuziweka hai kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, soma maandishi kwenye adapta ya kila kifaa, maana volti zisipolingana mnaweza kukiunguza. Taa nyekundu kwa kawaida inamaanisha mwanga haufiki kutoka kwa mtoa huduma: waya umekatwa, umepinda vibaya au kifaa cha upande wao kimeharibika. Hapo ndipo intaneti ya pili ina kazi.

Sasa zile jioni za kuzunguka bila kufunguka. Hapa naomba nikuulize, una uhakika gani kwamba ni mtoa huduma? Watu sita wanapokuwa nyumbani kwa wakati mmoja, mmoja anatazama filamu, mwingine anapandisha faili kubwa, simu zinanakili picha kimyakimya, njia inajaa. Na wewe uko mwisho wa korido, kuta kadhaa kutoka kwenye ruta. Simu inaweza kuonyesha alama za waifai zimejaa na bado mawasiliano yakawa mabovu, hasa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ambayo ruta za majirani na hata oveni ya maikrowevu huyatumia. Ukileta intaneti ya pili na kuipitisha kwenye ruta ileile, chumbani kwako hakuna kitakachobadilika.

Kuna jaribio rahisi. Siku ukurasa unapogoma, fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yenu. Kwa nyingi anwani ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mara nyingi imeandikwa chini ya kifaa. Usipofunguka au ukichelewa sana, tatizo liko kati ya chumba chako na ruta. Ukifunguka mara moja, chukua kompyuta hadi sebuleni, iunganishe kwa waya, ujaribu tena. Kwa waya ikienda vizuri, waifai ndiyo inayohitaji kutibiwa: kuihamisha ruta, kubadili chaneli (njia ya mawimbi ambayo waifai yenu inaitumia), au kuvuta kebo hadi korido yenu. Hayo yote ni rahisi kuliko mkataba mpya. Na ikisumbua hata kwa waya wakati nyumba imejaa watu, waombeni wenzenu wasimamishe filamu kwa dakika chache mwone kama inafunguka. Kazi hii ingefaa iwe na daftari pale sebuleni: saa ngapi, taa gani, umeme ulikuwepo au la, nani alikuwa anafanya nini. Wiki mbili za kuandika hivyo zitawaambia mengi kuliko kikao kingine cha kubishana.

Tuseme mmeandika, na mkakuta taa nyekundu ndiyo adui mkubwa. Hapo mnatafuta njia ya pili, na swali la kwanza la kuuliza ni kama njia hiyo itakufa pamoja na ya kwanza. Swali hili linarukwa sana. Watu huchukua faiba ya kampuni nyingine wakidhani wako salama, kumbe kampuni zote mbili zimepitisha waya kwenye mtaro mmoja au nguzo zilezile, au moja inakodi njia ya mwenzake. Mchimba barabara akikosea, zinakufa zote. Mkitamani waya wa pili, waulizeni mafundi unaingia nyumbani kutoka upande gani na kama njia ni yao wenyewe. Halafu angalieni muda wa mkataba: ukiwa wa miezi 12 au 24, nani ataulipa mkishahitimu? Jina ni lako. Wenzako watahama na masanduku yao, deni litakufuata wewe.

Kwa hiyo nyumba nyingi za wanafunzi huishia kwenye mtandao wa simu: ruta ndogo yenye laini, au modemu inayochomekwa kwenye ruta mliyo nayo kama ina tundu la USB na inaukubali mtindo huo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kulipia kwa mwezi na kuacha, hauombi ruhusa ya kutoboa ukuta, na mkihama mnahama nao. Lakini mtandao wa simu hauko huru kabisa na waya. Mnara nao unahitaji umeme na njia ya kufika kwenye mtandao mkuu. Umeme ukikatika mtaa mzima, mnara huendelea kwa betri au jenereta kwa muda fulani, si milele. Na faiba ikifa mtaani, majirani wote hukimbilia data ya simu kwa wakati mmoja, mnara unazidiwa. Ndiyo maana nakusihi usipime mtandao wa simu Jumapili asubuhi wakati kila kitu kiko shwari. Upime siku faiba imekufa, saa zile mnazosoma, ndani ya vyumba vyenu. Na upime pia kasi ya kupandisha, maana utetezi na mtihani wa video vinategemea kinachotoka kwako sawa na kinachokuja. Kifaa kikae karibu na dirisha. Zege na vyuma hula mawimbi.

Intaneti ya setilaiti nayo ipo. Setilaiti za huduma ya Starlink huzunguka kilomita mia kadhaa tu juu ya dunia, na ndiyo sababu zinaweza kubeba mazungumzo ya video bila ule ucheleweshaji mkubwa wa setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786 juu, ambako swali na jibu hupishana kwa zaidi ya nusu sekunde. Haitegemei mnara wala mtaro wa mtaani kwenu. Lakini inataka dishi mahali penye anga wazi, umeme wa kutosha, ruhusa ya mwenye nyumba, na mahali ulipo pawe panaruhusiwa huduma hiyo. Kwa wapangaji sita wanaokaribia kuhitimu naiona kubwa mno, ingawa ninyi mnaijua nyumba yenu kuliko mimi.

Hesabu ya data sasa, na hapa ndipo swali lako la pili linapoingia. Njia inayopitisha megabiti 1 kwa sekunde, kwa saa nzima, imekula megabaiti 450, kwa kuwa biti nane ni baiti moja. Kikao cha video chenye picha nzuri huweza kula gigabaiti moja kwa saa, wakati mwingine zaidi. Cha sauti peke yake hula makumi ya megabaiti tu. Filamu ya ubora wa juu inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa. Sita mkiwa na vipindi vya video vya saa mbili, mnaweza kumaliza gigabaiti 12 asubuhi moja, na hapo sijataja simu zinazonakili picha wala kompyuta zinazopakua masasisho zenyewe. Bando ambalo wanne mlidhani litawatosha mwezi linaweza kuisha kabla ya faiba kurudi.

Zipo ruta zinazohama zenyewe: faiba ikifa, zinarukia laini ya simu bila mtu kugusa kitu. Inapendeza kusikia. Lakini mkifanya hivyo, kila aliyeunganishwa na waifai ya nyumba anahamia kwenye bando, aliyechanga na asiyechanga, pamoja na filamu zake. Nenosiri ni lile moja. Pia jueni kwamba zinapohama, anwani yenu ya mtandao hubadilika, na kikao cha video au mtihani ulio wazi unaweza kukatika kwa sekunde kadhaa hadi muunganisho mpya usimame. Na ruta iwe ni ile inayopima kama intaneti inafika kweli; nyingine huangalia tu kama kebo imechomekwa, nazo hazitahama siku ile taa nyekundu inapowaka.

Mkitaka kuwatenga wawili, basi itabidi akiba iwe kifaa cha pembeni chenye waifai yake na nenosiri lake, na wanne mhamie kwa mkono kila faiba inapokufa. Inawezekana. Lakini nenosiri la waifai halikai siri katika nyumba moja: simu za siku hizi huligawa kwa kumuonyesha mwenzako msimbo wa QR, ule mraba wenye madoa anaoupiga picha kwa simu yake. Atakayelitoa hatatoa kwa ubaya, atatoa kwa huruma saa tano usiku, na kesho yake mtakuwa mnatafuta nani alisaliti. Nakuuliza kwa upole, mwanangu: ni wewe utakayekuwa mlinzi wa mlango huo? Na unataka kuwa?

Sisemi kwamba wale watatu ni wakatili. Wana hoja. Anayelipa ana haki ya kukuta alicholipia siku anapokihitaji, na nyumba ambamo wachache hulipa na wote hutumia huzaa kinyongo taratibu. Mkiamua kufungua kwa wote, huenda mwezi wa pili mmoja wa wanne akauliza kwa nini naye asiache kuchanga. Hatari hiyo ni ya kweli, na sitaki uipuuze kwa ajili ya urafiki.

Lakini hebu tuwatazame hawa wawili mmoja mmoja, kwa sababu mmewaweka kapu moja na sababu zao hazifanani hata kidogo. Huyu wa chumba cha mbele umemwona kama mtu asiyejali. Mimi naona mtu ambaye tayari ana akiba yake na anailipia mwenyewe kila mwezi. Mlipomwomba achange, kwake ilikuwa ni kulipa mara mbili. Zaidi ya hayo, yeye ndiye mwenye habari mnayoitafuta: anatumia laini ipi hata ndani ya nyumba hiyo, faiba ikiwa imekufa, hajawahi kukwama? Sijui kama mlimuuliza. Ukimwendea kumwomba ushauri huo, bila kumwomba pesa, mazungumzo yenu yanaweza kuwa tofauti na ya sebuleni. Akibaki na msimamo wake pia si vibaya. Hatumii chenu, hadaiwi, na nyumba inaweza kuendelea hivyo kwa amani.

Rafiki yako, yeye alisema maneno mawili, na wewe umeyaandika yote mawili kwa mpangilio wake. "Sina," kisha "sihitaji." Kati ya maneno hayo kulikuwa na watu watano wanamtazama. Kusema huna mbele za watu ni kazi ngumu, na aliyekwisha kusema mara moja akaona mazungumzo yanaendelea, hutafuta namna ya kuyafunga. Huenda nimekosea, huenda kweli ameona hahitaji. Wewe ndiye unayemjua. Lakini nisingelichukua neno la pili kuwa jibu lake kabla ya kukaa naye peke yenu. Na siri ya ada aliyokupa isiwe hoja yako mbele ya wale watatu, hata kama ingekusaidia kushinda.

Ukikaa naye, kuna njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumlipia sehemu yake kimya. Jiulize kama akijua itamuumiza, na kama wewe mwenyewe mwezi wa tatu hutaanza kuhesabu. Mnaweza kukubaliana alipe pesa za masomo zikifika. Basi iwe kiasi kinachojulikana, kisije kikageuka deni lisilo na mwisho. Mnaweza kupanga asiyekuwa na pesa atoe kazi, labda kushika lile daftari au kufuatilia mafundi kwa simu. Hiyo inafaa ikiwa kazi ni ya kweli na kila mtu ana yake. Ikiwa yeye peke yake ndiye mwenye zamu kwa sababu hana pesa, mmemfanya mtumishi wa ruta.

Ipo pia njia ambayo sikuiona kwenye barua yako, nayo ni kubadilisha maana ya akiba yenyewe. Mmekuwa mkiizungumzia kama intaneti ya pili kamili, ndiyo maana inaonekana ghali na kila mmoja anapima atakavyoitumia. Mnaweza kuikata iwe ndogo: ni ya mtihani, kuwasilisha kazi, kipindi cha lazima na usaili, basi. Picha ikizimwa panaporuhusiwa, sauti ikitosha. Kwenye kompyuta na simu nyingi kuna mahali pa kuutambulisha mtandao kuwa wa data yenye kipimo, na masasisho mengi husubiri. Kwa matumizi hayo bando linaweza kuwa dogo kiasi kwamba suala la nani amechanga linapungua uzito. Au msinunue kifaa chochote kwanza: simu zenu sita tayari ni akiba. Mkijua zipi ziko kwenye mitandao tofauti, mnaweza kuandika ratiba ya nani ana mtihani lini na nani atagawa data siku hiyo. Simu ikiunganishwa na kompyuta kwa kebo hutulia kuliko kwa waifai, na inachajiwa hapohapo. Udhaifu wake ni kwamba mwenye simu akitoka, intaneti imetoka naye, na simu inayogawa data kwa saa nyingi hupata joto na kuchosha betri. Kuna watakaoona hiyo ni kubahatisha. Wewe utaona jinsi nyumba yenu inavyoweza kuaminiana.

Na lile wazo la kifaa chako chumbani, usimwambie mtu? Kununua chako hakuna ubaya wowote. Wa chumba cha mbele amefanya hivyohivyo, tena waziwazi. Kinachonifanya nisite ni hiyo "nisimwambie mtu." Umeniambia hutaki kumwona rafiki yako akisubiri upande wa pili wa meza. Mlango wa chumba ukifungwa hutamwona, lakini utajua yupo. Ukikinunua na kusema, "Hiki ni changu kwa ajili ya mitihani, ukikwama siku ya mtihani wako njoo," umebaki na mamlaka ya kifaa chako na huna cha kuficha. Utalazimika kuwa na mipaka, maana wenye kukwama watakuwa wengi. Bado mipaka inayosemwa mapema ni rahisi kuishika.

Lolote mtakalopanga kama nyumba, huenda lisiwe tayari mwezi ujao, na mitihani yako miwili haitasubiri kikao. Kwa hiyo haya yafanye kwa ajili yako mwenyewe, wiki hii. Uliza idara yako kwa maandishi: mwanafunzi akikatika katikati ya mtihani wa mtandaoni anafanya nini, anampigia nani, anaruhusiwa kurudi ndani ya dakika ngapi, na je, mfumo unakubali kubadili mtandao katikati. Namba hiyo iandike kwenye karatasi, kwa sababu siku hiyo barua pepe haitafunguka. Uliza kama chuo kina chumba unachoweza kufanyia mtihani. Weka bando kwenye simu siku moja kabla, ujaribu kuiunganisha na kompyuta kwa kebo mpaka mikono izoee. Pakua mapema kila unachoruhusiwa kupakua. Na ikikatika, piga picha ya taa za kisanduku na saa. Wanaopokea malalamiko husikiliza zaidi anayekuja na ushahidi.

Rafiki yako naye ana mitihani. Ukimpelekea majibu ya idara siku utakapoyapata, mtakuwa mmeshaanza kuzungumza, na hilo la mchango linaweza kuja baadaye.

Nakutakia maandalizi mema, mwanangu.

Shangazi